Wiki moja Ifakara na shamba lililokaa maji

Jumatatu

Mzee jirani yangu wa shamba alipiga simu Jumamosi usiku. "Mwanangu, njoo uyaone mahindi yako mwenyewe, nisije nikaambiwa nimeyaloga." Hakutaka kusema zaidi. Leo saa 12 asubuhi nilikuwa stendi ya Magufuli, Mbezi, na buti za mvua kwenye mfuko wa rambo, pamoja na mpira mwembamba wa mita 20 nilioazima kwa fundi anayejenga karibu na kwangu. Konda aliuangalia ule mpira akaniuliza kama naenda kunyonya mafuta kwenye magari ya watu.

Shamba ni ekari tatu, nje kidogo ya mji wa Ifakara, bonde la Kilombero. Nimelikodi. Aliyenikodisha aliniapia kwamba halikai maji, na mimi nilienda kulikagua mwezi wa nane, udongo mweusi umepasuka nyufa ambazo mkono unaingia hadi kiwiko. Nikaamini. Kukagua shamba la bondeni kiangazi ni sawa na kukagua paa kiangazi, lakini hilo nimelijua baada ya kulipa. Msimu uliopita nilipoteza theluthi ya mahindi nikasema ni bahati mbaya. Huu ni wa pili.

Kutoka Mikumi mjini unaiacha barabara ya Iringa na kushuka kuelekea Kidatu. Ukishavuka mto Ruaha Mkuu ni miwa kushoto na kulia, na milima ya Udzungwa upande wa kulia imesimama kama ukuta, wingu limeilalia. Zamani nilikuwa naitazama milima. Safari hii nilitazama mitaro. Kila kitalu cha miwa kimezungukwa na mtaro, na hata hivyo, kwenye vibonde vidogo ambavyo jicho la mpita njia halivioni, miwa ina mabaka ya njano, mifupi kuliko wenzake. Maji yanajua palipo chini hata kama sisi tunaona tambarare.

Tumeingia Ifakara saa 9 alasiri. Mto Lumemo, unaopita pembeni ya mji, umejaa na rangi yake ni ya chai ya maziwa. Nimekula ubwabwa na kambale, nimelala mapema.

Jumanne

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Vua viatu, buti zitakunasa."

Alikuwa sahihi. Hatua ya tano buti la kushoto lilibaki kwenye tope na mguu ukatoka peke yake.

Shamba limekaa kama ulimi mrefu. Kichwa chake kiko barabarani, ncha yake inaingia kwenye mbuga. Juu, mahindi yako sawa kabisa, kijani cha kupendeza. Katikati ni ya njano kuanzia majani ya chini. Huku ncha maji yanafika kwenye kifundo cha mguu, na hapo ndipo nilipoona jambo lililonichanganya msimu uliopita: saa 6 mchana mahindi yaliyosimama ndani ya maji yalikuwa yamenyauka na majani kujikunja, kama yako Dodoma mwezi wa kumi. Mmea umezama na unakufa kwa kiu.

Nikang'oa mmoja. Una majani matano, nimepanda mwanzoni mwa Machi. Mizizi ambayo ingepaswa kuwa myeupe na kukatika kwa mlio ilikuwa ya kahawia. Niliivuta kwa vidole viwili, ganda la nje likavuka kama soksi iliyolowa, ukabaki uzi. Harufu ni ya yai viza.

Kilichotokea chini ya ardhi ni hiki. Udongo mzuri una matundu madogo yasiyohesabika, mengine yana maji, mengine yana hewa. Mzizi nao unapumua. Mvua ikijaza matundu yote, hewa mpya haifiki, kwa sababu oksijeni husafiri ndani ya maji polepole mara 10,000 hivi kuliko inavyosafiri hewani. Ile iliyobaki huliwa na mizizi pamoja na vijidudu vya udongo ndani ya siku moja au mbili, na joto la huku linaharakisha. Baada ya hapo mzizi unaunguza sukari bila oksijeni, na katika sukari ileile unaambulia chini ya sehemu moja ya kumi ya nguvu uliyozoea. Hauna tena nguvu ya kuvuta maji wala chakula. Ndiyo maana mahindi yananyauka yakiwa yameloweka miguu.

Na ile njano? Vijidudu vikikosa oksijeni ya hewani vinaipora iliyomo kwenye naitreti, chakula cha mmea kinachotokana na mbolea, na naitrojeni yake inageuka gesi na kupaa zake. Mifuko miwili ya urea niliyokuzia katikati ya Machi sehemu yake kubwa ipo mawinguni sasa hivi. Mwezi uliopita nilimwonyesha muuzaji mmoja wa pembejeo, Dar, picha za majani kwenye simu. Akasema ni ugonjwa, akaniuzia chupa ya busta ya kupuliza. Chupa ninayo bado. Imefungwa.

Mzee akaniuliza kama nimeshaangalia "moyo". Akachukua kisu, akapasua mche wa katikati ya shamba kuanzia chini kwenda juu, kama unavyopasua ndizi mbichi. Hindi changa, kabla halijafikisha majani sita hivi yaliyofunguka, kichomozi chake cha kukulia, ndio huo moyo, kiko bado chini ya usawa wa ardhi. Maji yakifunika shamba, ndicho kinachokaa chini ya maji hata kama majani yanapunga juu. Siku mbili hadi nne za joto zinatosha kukiua. Likiwa kubwa, kichomozi kimeshapanda juu na linaweza kuvumilia zaidi. Mche ule ulikuwa na moyo mweupe, mgumu. "Huyu mzima." Tukapasua wa kule ncha. Moyo ulikuwa wa kahawia na laini kama parachichi lililoanguka. Tulipasua miche 20 tukitembea kwa mistari. Juu yote mizima, katikati mitano kati ya saba, ncha hakuna.

Jioni tukachimba shimo la nusu mita pale katikati. Maji yalianza kuchuruzika kutoka ukutani kabla jembe halijafika shibiri. Sentimita kumi za juu udongo ni mweusi wa kawaida, chini yake ni kijivu kama jivu lililolowa, na ndani ya ile kijivu kuna michirizi myekundu ya kutu inayofuata njia za mizizi ya zamani. Kijivu ni chuma cha udongo kilichokaa muda mrefu bila hewa. Kutu ni pale ambapo hewa kidogo ilipenya. Michirizi hiyo haiondoki kiangazi. Yaani mwezi wa nane, siku ileile niliyokuwa nachomeka mkono kwenye nyufa na kushangaa, shimo la nusu mita na dakika 15 lingeniambia maji yanalala wapi kila mwaka. Sikuchimba. Nililipa kodi ya miaka mitatu.

Jumatano

Mzee ana majaluba mawili ya mpunga upande wa pili wa njia, usawa uleule na ncha yangu. Maji yako shibiri moja, na mpunga umekaa unachekacheka tu. Amepandikiza Saro 5, na kipande kidogo cha Supa kwa ajili ya kula nyumbani, kwa sababu, anasema, Saro ni ya mfukoni na Supa ni ya mdomoni.

Kwa nini mpunga huu haufi na mahindi yangu yanakufa? Mzee alijibu kwa kung'oa yungiyungi lililokuwa limeota kwenye mfereji. Alikata bua lake, akanionyesha matundu yaliyopita katikati kama mabomba ya kunywea soda, akaingiza ncha moja majini na kupuliza ncha nyingine. Maji yakabubujika. "Analeta hewa kutoka juu." Mpunga ni hivyohivyo, ila mabomba yake ni membamba. Hewa inashuka kutoka majanini kupitia bua hadi ncha ya mzizi, na inayovuja nje inakutana na chuma cha kwenye tope. Ukiosha mzizi wa mpunga unaona ganda la rangi ya kutu. Ganda hilo ndilo linalozuia chuma cha sumu kisiingie kwa wingi. Pale chuma kinapozidi, majani ya mpunga hupata madoa ya rangi ya shaba. Mzee anayajua madoa hayo. Kwenye kona yake moja anatoa maji siku kadhaa mpaka ardhi ianze kupasuka nyufa nyembamba, kisha anayarudisha.

Mahindi nayo yanajaribu. Kwenye miche yangu ya katikati, juu kidogo ya ardhi, kuna mizizi mipya minene, ya rangi ya zambarau, inayochungulia kama vidole. Ni mizizi ya dharura, na ndani yake mmea unatengeneza vitundu vya hewa. Lakini inahitaji siku na maji hayasubiri.

Nisieleweke kwamba mpunga ni samaki. Ukifunikwa wote, hadi ncha ya jani, nao hufa, mingi ndani ya wiki moja au zaidi kidogo. Asia wamepata mbegu zenye jeni inayoitwa Sub1, iliyotoka kwenye mpunga wa kienyeji wa India, ambazo zinavumilia kufunikwa hadi wiki mbili hivi kwa kuacha kukua na kutunza nguvu. Mpunga wa kawaida unafanya kinyume, unarefuka kwa haraka kuyakimbia maji na kuishiwa. Nilipomweleza mzee alicheka: "Kumbe na mimea nayo ina wanaojua kutulia."

Alhamisi

Mvua toka saa 10 usiku. Hakuna shamba.

Nimekaa kwenye baraza la nyumba ya wageni na simu yenye asilimia 12 ya chaji. Nilimpigia mama. Yeye ni Mrufiji, kwao ni Utete, na maji haya ya Kilombero ndiyo yanayokwenda kwao, kwa sababu Kilombero ni mkono mmoja wa Rufiji. Nikamweleza mkasa wote. Akauliza swali moja tu: "Ulipanda kabla ya maji au baada ya maji?"

Kwao kuna kilimo cha mlau. Mto ukifurika, watu walikuwa wanakaa kwenye madungu, vile vibanda virefu vya miti vilivyoinuliwa juu ya nguzo, wakingojea. Maji yakianza kurudi nyuma, mwezi wa tano na wa sita, wanayafuata na jembe. Panapoachwa na maji leo, baada ya siku chache panapandwa mahindi, kunde, maboga. Hakuna mvua, ila udongo una unyevu wa kutosha na tope jipya lenye rutuba. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali iliwahamisha wengi kutoka bondeni kwenda vijiji vya juu kwa sababu ya mafuriko, na Bibi mpaka anafariki alikuwa anasema walihamishwa kutoka kwenye ghala.

Miaka yote nilikuwa nasikia habari hizo kama hadithi za wazee. Nimesoma vipeperushi vya kilimo, nimetazama video, nimenunua busta. Sikumuuliza mama.

Ijumaa

Jua limetoka na mpira umefanya kazi yake.

Mafundi ujenzi wanautumia kupima usawa wa msingi: mpira unaoonyesha ndani, unajazwa maji bila povu la hewa, ncha moja inashikiliwa kwenye kigingi cha kwanza, nyingine kwenye cha pili, na maji ndani yake yanasimama usawa mmoja hata kama mko mita 20 mbali. Unapima kutoka maji hadi ardhini kila upande. Mjukuu wa mzee alishika ncha moja, mimi nyingine, tukaenda hatua kwa hatua kutoka barabarani hadi mbugani tukichomeka vigingi. Urefu wa shamba ni mita 180. Tofauti ya kimo kutoka kichwani hadi ncha: sentimita 61. Kwa macho ni meza. Halafu, mita 70 kutoka barabarani, ardhi inashuka na kupanda tena kidogo, sahani ambayo sikuwahi kuiona. Hapo ndipo penye njano.

Sahani hiyo inatibika. Tumechimba mfereji mmoja wa kina cha sentimita 40 kuanzia katikati ya sahani kwenda pembeni, ukishuka taratibu, sentimita 20 kila mita 100. Ukiuinamisha zaidi ya hapo unakuwa korongo baada ya misimu miwili. Mfereji mwingine mfupi umewekwa upande wa barabara, ukikatisha mteremko, kukinga maji ya barabarani yasiingie kabisa. Nadhani huo wa pili, ambao vijana waliumaliza kwa saa mbili, una maana kuliko ule wa kwanza, kwa sababu nusu ya maji yangu hayakuwa mvua yangu.

Saa 5 mama mwenye kiwanja cha chini akaja, kanga kiunoni. "Kaka, hayo maji unayafungulia kwangu?" Nilikuwa sijafikiria. Kwangu mfereji ulikuwa unaishia kwenye mpaka, na baada ya mpaka sikuwa na habari. Tumekaa nusu saa chini ya mwembe na mzee kama shahidi. Tumekubaliana mfereji upite mpakani, nusu kwangu nusu kwake, hadi kwenye majaluba, na mimi nilipe vibarua wote. Alikuwa na haki, na alinihurumia.

Kuna vitu vya kutofanya nimevikusanya leo kutoka kwa watu mbalimbali. Usiingie na jembe wala trekta udongo ukiwa bado umelowa. Chukua bonge, likunje kiganjani. Likisokoteka kama kamba nene ya kidole bila kukatika, nenda nyumbani. Trekta la diski likipita hapo linaacha gamba gumu chini, na msimu ujao maji yanasimama juu ya gamba hata kama mvua ni ya kawaida. Vijana wanaolima huku wanasema plau zao hazijabadilishwa kina miaka mingi, kwa hiyo gamba liko kila shamba, na linahitaji ripa ya kulipasua wakati wa ukavu. Na usikimbilie kumwaga urea juu ya maji. Ngoja udongo ushuke, ngoja mizizi mipya myeupe ionekane, ndipo uweke kidogo. Mche ambao moyo wake umekufa, mbolea ni rambirambi.

Kabla ya kuondoka nimefukia kipande cha bomba la plastiki la inchi mbili, sentimita 60, nililolitoboa matundu kwa msumari wa moto, pale katikati ya sahani. Ukichovya kijiti unasoma maji yako chini kiasi gani. Jioni: sentimita 9.

Jumamosi

Bodaboda hadi daraja la Magufuli, kuuona mto wenyewe. Zamani hapa palikuwa na kivuko. Chini ya daraja Kilombero haina kingo, ni bahari ya majani na maji, mitumbwi inapita juu ya mahali ambapo mwezi wa tisa ng'ombe wanachungwa. Bonde hili liko kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa tangu mwaka 2002, karibu kilomita za mraba 8,000. Kijana wa bodaboda anasema babu yake aliwaona sheshe, wale swala wa mabondeni, makundi kwa makundi ukitoka tu mjini. Yeye hajawahi kumwona.

Nilikuja Ifakara nikiwa na wazo la kuukausha ulimi wangu wote, kuchimba mtaro mkubwa hadi mtoni. Pale darajani wazo lilionekana la kijinga. Kuna sheria inayozuia shughuli ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji, sawa, lakini hata bila sheria, mtaro wa kwenda wapi? Mto uko juu kuliko ncha ya shamba langu kwa sasa. Ningekuwa nauchimbia njia ya kuja.

Kwa hiyo ncha nimempa mzee kwa nusu kwa nusu, mpunga, kuanzia msimu ujao, na mahindi yaliyokufa yatabaki hapo yaoze. Katikati nitainua matuta mapana ya mita moja na kitu, mistari miwili ya mahindi juu ya kila tuta, lakini baada ya maji: mwezi wa tano udongo ukishuka, mbegu fupi, mlau wa mama yangu ndani ya Kilombero. Mzee hakushangaa. Alisema Wandamba wa kandokando ya mto wamekuwa wakifanya hivyo siku zote, ila mimi nilikuwa nakuja na kalenda ya dukani. Maharage, niliyotaka kuchanganya na mahindi, nimeyafuta kabisa. Ni vichache vinavyokufa haraka kuliko maharage kwenye maji. Mpakani mwa mfereji yule mama anataka magimbi, na ameshaleta vichipukizi.

Sijui kama nitarudisha hela. Hesabu niliyoifanya kwenye karatasi ya basi inasema labda mwaka wa tatu, ambao ndio mwaka kodi inaisha.

Jumapili

Basi saa 11 na nusu alfajiri. Buti la kushoto limepatikana, mjukuu wa mzee alilichimbua jana. Nimemwachia yeye kijiti cha kupimia chenye alama za wino, na tumekubaliana anitumie namba kila asubuhi. Mahindi yangu yanahitaji walau sentimita 30 za udongo wenye hewa.

Meseji ya kwanza imeingia tukiwa tumesimama Mikumi kununua mahindi ya kuchoma.

"Shkamoo. Leo 14."